Ofisi Chini ya Migomba ya Akheri

Anayekwenda Akheri kwa basi la Mombasa hafiki Arusha mjini. Hushuka Tengeru, kilomita kama 13 kabla ya mji, pale barabara ya Moshi inapopita katikati ya mafungu ya ndizi na nyanya, kisha hutafuta bodaboda ya kumpandisha mlimani. Kondakta aliniuliza mara mbili kama nina hakika, maana tiketi yangu iliandikwa Arusha na mvua ilikuwa inamwagika. Nilikuwa na hakika. Kwenye begi nilikuwa na hema la mtu mmoja, mfuko wa kulalia na sufuria. Mapajani, tangu Voi, nilikuwa nimeupakata mkoba wa kompyuta kama mtu anayempeleka mtoto hospitali. Ilikuwa Alhamisi, 9 Mei 2024. Nilikuwa nimejipa siku kumi, za likizo na za kazi kwa pamoja.

Mimi ni mfasiri. Natafsiri vijitabu vya afya na miongozo ya kilimo kwa Kiswahili, na meza yangu ya kazi ni meza ya jikoni, Tudor, Mombasa. Wakati ule nilikuwa na kazi ya mchapishaji mmoja wa London: mwongozo wa kurasa 48 kwa wakulima wadogo wa kahawa, wa kukabidhiwa Jumatatu tarehe 13. Nilikuwa nimebakiza kuusahihisha tu. Nikajiambia, kama kazi inasafiri ndani ya mkoba, basi na isafiri. Mlima Meru nilikuwa nimeuona mara nyingi dirishani mwa basi na sikuwahi kulala chini yake. Kwamba miteremko yake imejaa mibuni nililijua kama mtu anavyojua jambo la kitabuni. Halikunipitia akilini kabisa nilipokuwa nachagua mahali pa kupiga kambi, na leo naliona hilo kama uzembe wa kazi.

Mpakani Holili mambo ni mepesi kuliko wanavyosimuliwa watu. Kituo ni kimoja kwa nchi mbili, unamaliza ya kutoka na ya kuingia ndani ya jengo moja. Mkenya halipi viza. Anahitaji pasipoti au hati ya muda ya kusafiria, na cheti cha chanjo ya homa ya manjano akiweke karibu. Lililo zito ni swali ambalo wengi hawaulizi: mgeni aliyegongewa muhuri wa matembezi anaruhusiwa kufungua kompyuta akafanya kazi? Sheria ya Tanzania ya mwaka 2015 kuhusu ajira za wageni inamtaka mgeni anayeajiriwa nchini awe na kibali cha kazi. Anayeonekana ndani ya sheria hiyo ni mtu anayekuja kushika nafasi hotelini, shambani au kwenye shirika. Aliye hemani akimalizia kurasa za mteja wa Ulaya haonekani vizuri. Lakini sheria ikikaa kimya haina maana kwamba imekubali. Mimi sikuwa na mteja Tanzania, sikutafuta mteja, na siku zangu zilihesabika kwa vidole. Mwenye nia ya kukaa miezi aende Uhamiaji aulize, tena apate jibu la maandishi. Akumbuke na kodi, kwa sababu anayekaa Tanzania siku 183 ndani ya mwaka huhesabiwa mkazi kwa kodi ya mapato.

Nchi nyingine zimekwisha kulitungia jambo hili utaratibu. Mauritius ilifanya hivyo mwaka 2020, Namibia mwaka 2022, na kwetu Kenya mwaka ule ule wa 2024 kikaongezwa kibali cha daraja la N kwa wanaofanya kazi za mtandaoni wakiwa safarini. Ukivisoma vibali hivi unaona aliyefikiriwa ni mtu wa mshahara mkubwa anayetoka mbali. Sisi tunaovuka mpaka kwa basi, tukaongea lugha moja na tunaowakuta, bado hatujaandikiwa mstari wetu. Makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki yapo Arusha, mwendo wa daladala moja kutoka Tengeru. Natamani walio kwenye ofisi zile walifikirie.

Kambi yenyewe ni kiwanja cha nyasi ukingoni mwa shamba la mwalimu mstaafu na mkewe. Mahema matatu yanatosha, na siku zile lilikuwepo langu peke yake, kwa kuwa masika ya mwaka ule yalikuwa makali Afrika Mashariki nzima na watalii walikuwa wamepungua. Pana choo, bomba la maji, na jiko la bati lenye benchi refu. Kuzunguka hapo ni migomba, na chini ya migomba mibuni, na katikati ya mibuni magimbi. Mama alinipokea kwa bakuli la mtori, akanionyesha palipoinuka kidogo. Hema likipigwa penye bonde, alisema, usiku maji yatalifuata. Akanipa jembe, nikachimba mfereji kulizunguka kabla sijafungua begi.

Niliuliza wapi nitachaji kompyuta, nikasema "stima" kama tunavyosema kwetu. Mama akacheka. "Stima ni ya kwenu, mwanangu. Hapa ni umeme, na leo haupo."

Hapa nataka kusema kwa kirefu kidogo, kwa sababu ndipo wengi wanapokwama. Kompyuta yangu ina betri ya wati-saa 50. Hesabu hii haina ugumu: taa ya wati 10 ikiwaka saa tano, imekula wati-saa 50. Pawabenki kubwa inayouzwa madukani, ile iliyoandikwa miliampea-saa 20,000, ina wati-saa kama 74, na sehemu yake hupotea kama joto wakati wa kuchaji. Kwa hiyo pawabenki hiyo inaijaza kompyuta mara moja, ikibaki inabaki ya simu. Tena si kila pawabenki inaiweza kompyuta: tazama maandishi madogo nyuma yake, kama haitoi wati 45 hivi, itaijaza simu tu. Nilikuwa nimebeba na paneli ndogo ya jua. Kwenye ukungu wa Mei chini ya Meru paneli ile haikunifaa kitu. Kilichonifaa ni tabia: mwanga wa kioo chini kabisa, intaneti ikiwashwa saa ya kutuma na kupokea tu, na usiku betri zote ndani ya mfuko wa kulalia pamoja nami, kwa sababu baridi huzipunguzia nguvu. Umeme uliporudi jioni, kila kitu kilikimbilia ukuta wa jikoni kwa mama.

Laini nilinunua Tengeru kwa pasipoti na alama za vidole, kama sheria inavyotaka kwa kila laini Tanzania. Bando likaingia. Tatizo la mlimani ni umbo la ardhi. Minara mingi imeifuata barabara kuu huko chini, na mteremko wa kusini unaitazama barabara hiyo, ndiyo maana Akheri mtandao upo. Lakini vijito vya Meru vimeichana miteremko mistari mistari, na ukishuka hatua 20 ndani ya bonde la kijito, mgongo wa udongo unakukinga na mnara na simu inakufa. Nilizunguka na simu mkononi kama mtu anayetafuta maji. Mahali penye nguvu kuliko pote palikuwa chini ya mgomba mmoja, hatua tano kutoka jikoni. Nikahamishia hapo ndoo ya kukalia, turubai juu yangu, na hiyo ndiyo ikawa ofisi.

Saa zangu zilipangwa na London. Mei, London iko nyuma yetu kwa saa mbili, hivyo wao wakiketi kwenye viti vyao, kwetu ni saa tano asubuhi. Mimi niliamka saa kumi na mbili, nikafanya kazi kimya kimya hadi saa tano, nikajibu barua zao, nikafunga. Mchana wote ulikuwa wangu. Na kila jioni, kabla ya kulala, nilimtumia mdogo wangu aliyeko Mombasa nakala ya faili kama ilivyo siku ile. Ni desturi niliyoianza zamani, baada ya kompyuta kunifia mikononi na kazi ya wiki tatu. Yeyote atakayeniuliza jambo moja la kuzingatia, nitamwambia hilo kabla ya hema na kabla ya pawabenki: kazi yako isilale mahali pamoja na wewe.

Jumapili tarehe 12, asubuhi, intaneti ikapotea. Nikadhani ni bando. Nikadhani ni mvua. Nikashuka hadi Tengeru kwa miguu, matope hadi kwenye vifundo, nikakuta vijana wa vibanda vya simu nao wanatazama vioo vyao. Hapakuwa na anayejua, na kilichokuwa kinatueleza mambo kila siku ndicho kilichokuwa kimezimika. Habari tulizipata redioni. Nyaya mbili zinazopita chini ya Bahari ya Hindi zilikuwa zimekatika upande wa kusini, kati ya Msumbiji na Afrika Kusini. Miezi michache nyuma, Februari, nyaya nyingine zilikuwa zimeharibika katika Bahari ya Shamu, kwa hiyo njia ya kaskazini nayo ilikuwa imeshabanwa. Tanzania ikaumia sana. Kenya mwendo ulishuka lakini haukufa, kwa sababu Mombasa kuna waya mwingine, TEAMS, unaokwenda moja kwa moja hadi Fujairah katika Falme za Kiarabu.

Wengi tunaamini intaneti inakaa hewani. Simu haina waya, mnara hauna waya unaouona, basi tunadhani maneno yanaruka hadi London. Hayaruki. Yanateremka mnarani, yanaingia kwenye kebo ardhini, yanafika Dar es Salaam, yanazama baharini ndani ya nyuzi za kioo nyembamba kama unywele, na meli ya kuziunga zikikatika lazima isafiri kwanza hadi penye jeraha.

Kwa kuwa sikuwa na la kufanya kuhusu mtandao, nilikwenda kuyaona makaburi ya Wapolandi. Tengeru ilikuwa kambi ya wakimbizi hao kuanzia mwaka 1942, watu wapatao 5,000, wengi wanawake na watoto waliopitia Urusi na Uajemi kabla ya kufikishwa chini ya Meru. Makaburi yamepangwa vizuri, yana mtunzaji, na majina yamechongwa kwenye mawe kwa herufi zao. Nilisimama na neno "kambi" kinywani. Mimi nilikuwa nimelichukua kwa maana ya starehe ya siku kumi. Wao walikaa miaka wakisubiri barua.

Jumatatu asubuhi hali ilikuwa ile ile, na kazi ilitakiwa London kabla ya saa moja jioni ya huku. Simu za kawaida zilikuwa zinapita. Nikanunua vocha, nikampigia mdogo wangu. Nakala ya Jumamosi alikuwa nayo. Masahihisho niliyoyafanya Jumapili, 63 kwa jumla, yalikuwa kwenye kompyuta yangu tu. Nikaketi kwenye benchi la jikoni, mvua juu ya bati, nikaanza kumsomea moja moja, naye akiandika.

"Ukurasa wa 19, mstari wa saba. Panaposema 'maradhi ya tunda la kahawa', ongeza 'yanayoletwa na kuvu'."

"Kuvu au ukungu, dada? Bati linapiga kelele."

"Kuvu. K-u-v-u."

Mwalimu alikuwa amekaa upande wa pili akichonga mpini wa jembe. Hakuwa ameniingilia tangu asubuhi. Hapo akaweka kisu chini.

"Samahani, binti. Hayo maradhi ya tunda la kahawa ndiyo yapi?"

"Ni yale yanayotia madoa meusi kwenye kahawa ikiwa bado mbichi, Mwalimu."

"Hiyo ni chulebuni." Alilitamka taratibu, kama mtu anayeandika ubaoni. "Ukimwambia mtu wa hapa maradhi ya tunda la kahawa, atakusikiliza kwa adabu, kisha atakwenda zake."

Nikamwomba mdogo wangu asubiri. Mwalimu akajifunika gunia, tukaenda hatua kumi tu, hadi kwenye mibuni yake. Akashika tawi, akalipindua. Kahawa zilikuwa za kijani, zimebanana kwenye kifundo. Moja ilikuwa na doa la kahawia iliyokolea, limebonyea katikati kama kwamba mtu alilibofya kwa ncha ya kalamu. Tunda la jirani lilikuwa limekwisha kuwa jeusi lote na limekauka, lakini halijaanguka, limeng'ang'ania tawi. Akaichuma ile ya kwanza akaipasua kwa ukucha. Ndani, mahali ambapo punje mbili zilipaswa kuwa nyeupe, palikuwa na rangi ya chai iliyochacha. Akaniwekea kiganjani. "Mvua na baridi hii ndiyo inayoipenda," alisema. "Tone likigonga doa hapa, linaruka na ugonjwa hadi tawi la chini."

Nilikuwa nimeutafsiri ugonjwa huo kwa wiki sita. Nilijua kwamba uligunduliwa kwa mara ya kwanza nchini Kenya mwaka 1922. Nilijua kuvu wake wanasayansi wanamwita Colletotrichum kahawae, jina la Kilatini lililobeba kahawa yetu mgongoni. Nilijua kwamba Taasisi ya Utafiti wa Kahawa Tanzania, TaCRI, iliyoko Lyamungu upande wa Kilimanjaro, imezalisha miche chotara inayoustahimili. Tunda lenyewe lililougua sikuwahi kulishika, na nilikuwa nimelala usiku nne nalo mita chache kutoka kichwani pangu.

Nikarudi kwenye benchi. "Futa," nikamwambia mdogo wangu. "Kila mahali palipoandikwa 'maradhi ya tunda la kahawa', weka 'chulebuni'. Neno moja."

Mwalimu hakurudi kwenye mpini wake. Alisogea karibu, nami nikawa nasoma kwa sauti kubwa zaidi, kwa ajili yake. "Kutu ya majani" akaikubali. "Kuondoa maganda kwa mashine" akatikisa kichwa, akasema "kukoboa", na mdogo wangu akalisikia mwenyewe kutoka Mombasa kabla sijalirudia. Mama alileta chai ya maziwa. Vocha ya kwanza ikaisha, akamtuma mjukuu wake dukani kwa mwavuli. Tulimaliza saa tisa na nusu. Saa kumi na moja mdogo wangu akanipigia: faili imekwenda, London wameijibu, wameshukuru, wameuliza kama niko salama.

Nimesoma makala nyingi zinazowahimiza watu wafanye kazi wakiwa popote. Picha ni ile ile: hema, mlima, kompyuta juu ya goti. Mlima uko nyuma ya mtu kama pazia la studio. Mimi sasa siamini tena neno "popote". Nilikuwa mahali mahususi, na mahali hapo pangeweza kunisaidia tangu Alhamisi kama ningeuliza wenyeji wanalima nini na wanakiitaje. Ilibidi bahari ikate waya ndipo nisome kazi yangu kwa sauti mbele ya mtu aliyeandikiwa.

Siku zilizobaki sikufungua kompyuta. Alhamisi nilikwenda Hifadhi ya Taifa ya Arusha na familia moja ya Moshi tuliyochangia gari. Hifadhi hii ilianza mwaka 1960 kwa jina la Ngurdoto, leo ina kilomita za mraba 552, na raia wa Afrika Mashariki hulipa kwa shilingi, kiwango kilicho chini sana ya cha wageni wengine. Pesa taslimu getini hazipokelewi. Tuliwaona mbega, mikia yao myeupe ikining'inia, na maziwa ya Momella, kila moja na rangi yake, flamingo wamesimama kwenye la mbele. Kutembea kwa miguu lazima uende na askari mwenye bunduki kwa sababu ya nyati. Wa kwetu alitembea taratibu, akisimama kusikiliza. Ukungu ulipasuka kama dakika 15, na Meru ukajitokeza mzima: mita 4,566, ubavu wa mashariki umebomoka zamani sana na kuacha tundu kubwa ambalo ndani yake kuna kilima cha majivu. Mara ya mwisho mlima huu kulipuka ilikuwa mwaka 1910. Simu haikuwa na mtandao pale. Hakuna hata mmoja wetu aliyeitoa mfukoni.

Nililala usiku wangu wa mwisho Jumamosi, siku ya soko la Tengeru. Jumapili mama alinifungia ndizi kwenye majani yake, nikashuka na begi hadi barabarani.

Mwongozo ulichapishwa baadaye. Nakala zangu zilipofika nilifunga moja kwa kamba, nikaituma kwa basi la Arusha, na jina la Mwalimu juu yake. Wiki mbili zikapita. Kisha simu ikaita asubuhi, nikiwa kwenye meza ya jikoni.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, binti. Kitabu nimekipata, nimekisoma mara mbili, na jirani amekiazima. Chulebuni ipo." Akanyamaza kidogo, nikasikia kurasa zikifunuliwa. "Una kalamu? Ukurasa wa 27 mmeandika 'machipukizi yasiyotakiwa'. Hayo tunayaita maotea. Andika."

Nikaandika.